Wananiomba Darubini ya Usiku, na Dada Yangu Ameolewa Ng'ambo ya Mto

Admin, ficha jina langu na usitaje kaunti yetu. Wako watu wa nyumbani humu kwa page, na wakinitambua mambo yataharibika kabisa.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nne, Mkenya, niko Dubai mwaka wa sita. Nilikuja kama soja wa kulinda geti, sasa nauza katika duka la vifaa vya uwindaji hapa Deira. Tunauza buti, mahema, na darubini za kufungwa juu ya bunduki. Zinazotoka sana ni zile za kuona joto. Hata kwenye giza totoro, chochote chenye uhai kinaonekana cheupe. Wateja wetu huenda nazo nchi za nje kuwinda nguruwe mwitu, na hakuna anayechagua kwa kusoma boksi. Jua likizama tunampandisha mteja juu ya paa, halafu mmoja wetu anashuka kutembea kwenye kiwanja cha mchanga kule nyuma ili aonekane. Mara nyingi ni mimi. Arbab, yaani bosi mwenye duka, anapiga kelele kutoka juu, "Yalla, kaa chini! Sasa lala!" nami nalala mchangani huku mtu ananichungulia. Nilishazoea, ni kazi.

Mwaka huu ndugu yangu mdogo aliuawa. Watu wa ng'ambo ya mto walikuja kuiba mifugo, wakamkuta zizini, wakampiga risasi. Sikwenda kumzika. Likizo yangu ilikuwa haijafika na kafeel, mdhamini anayeshika viza yangu, hakutaka kusikia habari za mazishi. Niliona kaburi kwa simu, nikarudi dukani kuuza.

Baada ya muda baba mdogo akanipigia. Akasema fisi wamezidi, wanamaliza mbuzi, wazee wamechanga na wanataka darubini ya usiku. Kwa kuwa mimi ndiye ninayezijua, niwachagulie nzuri. Nilifurahi, siwadanganyi. Miaka yote hii mimi ni mtu wa kutuma pesa tu, leo wananiuliza kitu ninachokijua. Nikamweleza kama ninavyomweleza mteja, habari za umbali, betri na kioo. Akasikiliza vizuri. Halafu akauliza, "Na aliyejifunika blanketi, anaonekana?"

Fisi gani anajifunika blanketi?

"Baba, hii ni ya fisi kweli?"

"Wewe umeulizwa swali. Jibu swali."

Kisha akampa mama simu. Mama akaniambia, "Mwanangu, ndugu yako alipigwa gizani, hata hakumwona aliyempiga. Sisi tukae tu hivyo?" Huyu ni mama anayeongoza maombi ya akina mama kanisani kwetu.

Sasa kinachoninyima usingizi ni hiki. Dada yangu ninayefuatana naye ameolewa ng'ambo hiyo hiyo ya mto. Wakati ule tulikuwa tunaoana na kuuziana mahindi bila shida. Ana watoto watatu. Nilimuuliza baba mdogo, "Na dada je?" Akasema, "Tutaangalia."

Wataangalia nini? Mimi nimesimama juu ya paa lile nikamchungulia mwenzangu Mganda tunayelala naye chumba kimoja Al Nahda, mtu ninayemjua hata kwa kikohozi chake, na sikumtambua. Hakuna uso mle, ni kitu cheupe tu kinachotembea. Darubini nzuri angalau itakuonyesha kwamba huyu ni mtoto na yule ni mbuzi. Zile za bei ya chini, mtoto akilala kando ya mbuzi wote wanakuwa doa moja. Na baba mdogo ameshasema nikikataa watamtuma kijana mwingine aliye Sharjah. Namjua, hajui chochote, atanunua hizo za bei ya chini. Kwa hiyo hata nikikataa, nitakuwa nimechagua.

Juzi nikampigia dada. Akaniambia siku hizi wanalala nje zizini, yeye, mume na watoto, kwa sababu wanaogopa kuchomewa ndani ya nyumba. Darubini hizi hazioni kupitia ukuta wa udongo. Akiwa ndani hakuna wa kumwona.

"Laleni ndani," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Mbu. Watoto watapata malaria."

Akacheka. "Umekaa kwa AC mpaka umeanza kuogopa mbu!" Kisha akauliza, "Ama kuna kitu umesikia?"

Nikasema hakuna.

Najua mtaniambia nimweleze ukweli. Nikimweleza atamwambia mumewe, na simlaumu, ni mumewe. Mume atawaambia wenzake, nao hawatangoja, watavuka wao kwanza, na upande wanaovukia ndiko mama analala. Wengine mtasema niende kwa polisi. Wa kwanza kushikwa atakuwa baba mdogo aliyenisomesha baba alipofariki, na wale waliobaki watavuka na hasira mara mbili. Nimewachukia wote, halafu nawakumbuka na nalia.

Leo asubuhi dada amenitumia ujumbe wa sauti. Amesema amenisikiliza, yeye na watoto wamerudi kulala ndani kwa ajili ya mbu wangu. Ila yule mtoto mkubwa amekataa katakata. Ana miaka tisa, anasema atabaki zizini kulinda mbuzi pamoja na baba yake. Dada alikuwa anacheka akinisimulia, na nyuma nikamsikia mtoto akipiga kelele, "Mwambie mjomba siogopi!"

Mtu wa kuchukua darubini anatua hapa Ijumaa, na Ijumaa ni kesho kutwa. Ndugu zangu, msinitukane, niambieni tu. Nimpe baba mdogo ile nzuri na kumwomba aangalie vizuri kabla ya kupiga, niwaachie wanunue ile mbovu, au nimwambie dada kila kitu halafu ningoje simu ya kifo cha mama? Nifanye nini?