Sekunde Ishirini za Shikamoo

Goli la tatu nilifungwa nikiwa nimeinamisha kichwa kumwamkia mjomba. La nne nilifungwa nikimwamkia tena. Mjomba mwenyewe alikuwa kijijini kwake Mnazi, kule bondeni kwenye joto. Mimi nilikuwa sebuleni Lushoto na sweta mbili mwilini. Kati yetu kulikuwa na milima na sekunde ishirini.

Nirudi nyuma kidogo. Mwaka ule nilitaka kuoa. Katika ukoo wetu posa inaongozwa na mjomba, na mjomba ninaye mmoja tu. Alikuwa amekataa. “Siendi kumwombea mke mtu mzima anayebonyeza vitufe,” alimwambia mama. Kazi ya ofisini ninayo, lakini mwisho wa wiki nilikuwa nacheza gemu la mpira kwenye kompyuta na kulirusha laivu mtandaoni, na habari hiyo ilikuwa imeshuka hadi Mnazi.

Aliyenitafutia njia ni binamu yangu, binti wa mjomba huyohuyo, ambaye alikuwa amepanda kututembelea. Alimshawishi baba yake atazame mechi moja tu, Jumapili mchana. Akiona kuna akili ndani yake, atakuja kuposa. Mpinzani wangu atakuwa yeye binamu.

“Na sikuachii,” alisema, akijifunga shuka langu mabegani kwa baridi. “Ukifungwa usinilaumu. Laumu hili friji mnaloishi.”

“Bora friji kuliko tanuri.”

Binamu ni mtani wangu. Tunatukanana tangu tukiwa watoto na hakuna anayenuna.

Nilikuwa na siku sita za kutafuta mipangilio ya picha itakayomfikia mjomba bila kukwama. Nilifungua daftari. Mama nilimkalisha jikoni na simu yake, anachambua maharage, awe mtazamaji wa majaribio.

Jumatatu niliweka kila kitu juu kabisa: ukali wa picha 1080, fremu sitini kwa sekunde.

“Mama, unaona nini?”

“Naona makande.”

“Wachezaji je?”

“Ndiyo hao.”

Jumanne nikashusha hadi 480. “Sasa wanakimbia vizuri,” mama akapaza sauti. “Ila mpira hawana.” Nikamwambia mpira upo. “Labda huko kwako,” akajibu.

Jumatano ukungu ulishuka hadi mlangoni na mtandao ukalala nao, sikupima kitu. Alhamisi nikahamisha kompyuta, na simu yangu inayoipa mtandao, dirishani, upande unaotazama mnara wa simu. Nikaweka picha ya 720 na fremu thelathini, kisha nikapunguza bitreti, yaani kiasi cha data kinachosukumwa kila sekunde, hadi 2500. Jikoni mama akaacha kuchambua. Halafu: “Huyu mwenye jezi nyekundu mbona soksi moja imeshuka?”

Nilikaribia kulia.

Tatizo lililobaki ni kwamba mara mojamoja picha iliganda. Ijumaa nikapata dawa yake: kuongeza ucheleweshaji. Picha inashikiliwa kwanza kabla ya kumfikia mtazamaji, ili mtandao ukikohoa yeye asisikie. Nilijaribu sekunde tano, kumi, kumi na tano. Kwenye ishirini haikuganda hata mara moja.

“Ishirini?” binamu aliuliza. “Goli si litamfikia limepoa?”

“Goli halipoi.”

Nikaandika ishirini na kuipigia mistari miwili. Nilikuwa nimepima kila kitu kinachoweza kuiharibu picha. Salamu haimo kwenye picha, sikuipima.

Jumapili tulikuwa mbili kwa mbili, watazamaji tisa, karibu wote ndugu, maandishi ya mjomba yalipotokea pembeni ya kioo: “Nimefika.” Mtu aliyelelewa na mama yangu hawezi kuona maneno hayo akaendelea na shughuli zake. Niliacha vitufe, nikainama mbele ya kamera. “Shikamoo mjomba!” Binamu akafunga.

Lakini mjomba wakati huo alikuwa ananiona nilivyokuwa sekunde ishirini nyuma, natafuna karanga na kucheka. Akaandika: “Mbona haniamkii?”

“Shikamoo mjomba!” Goli la nne.

Hapo nikamgeukia binamu, damu imenipanda. “Watu wa Mnazi mnajua mbu tu, adabu hamna!”

Binamu alicheka mpaka shuka likadondoka. Kisha tukaona maandishi mapya: “Marahaba. Hujambo?” Mjomba alikuwa anaitikia salamu ya kwanza. Kumbe salamu ya pili ilikuwa bado njiani, na nyuma yake, safi kabisa, bila kuganda, yalikuwa yanakuja maneno yangu kuhusu mbu.

Tulibaki na sekunde kama kumi. Nilinyoosha mkono kuzima. Binamu akaudaka.

“Ukikata atajua una jambo!”

“Nisipokata je?”

Tulipokuwa tunabishana, sekunde zikaisha.

Mjomba hakuandika tena. Idadi ya watazamaji ikashuka: tisa, sita, mmoja. Huyo mmoja alibaki mpaka mwisho, nilipofungwa tano kwa mbili. Nilikimbilia jikoni.

“Mama, simu yako bado inaonyesha?”

“Nilizima,” alisema, kisha akafikiri. “Au niliifunika na sinia? Maharage yalikuwa yanaungua, mwanangu, usinihoji.”

Jioni ile binamu alimpigia baba yake. Mjomba alisema picha ilikuwa nzuri sana, mpaka meno yangu ameyaona. Meno ya wakati gani, hakusema.

Wiki mbili baadaye mjomba alishuka kwenye basi stendi ya Lushoto, amevaa kanzu na koti juu yake, tayari kwa posa. Nikamsogelea na kuinama.

“Shikamoo mjomba.”

Hakuitikia. Aliweka kofia sawa, akafunga kifungo kimoja cha koti, halafu kingine. Akautazama mlima. Mimi nilikuwa bado nimeinama na, kwa mazoea, nilikuwa nahesabu. Nilikuwa nimefika kumi na tisa.

“Marahaba,” alisema. “Twende kwa watu.”

Posa ilikubaliwa. Lakini kwenye daftari, chini ya Jumapili, mbele ya maneno “mtazamaji wa mwisho”, pako wazi. Mke wangu anasema niandike tu mama. Binamu anaapa ni baba yake. Mjomba sijathubutu kumuuliza.