Kihenge cha Mama Mkwe

Tulipolinunua shamba letu nje kidogo ya mji wa Tabora, kando ya barabara ya vumbi iliyopitwa na misafara ya zamani, tulikuta uani kihenge cha zege, kinene na kirefu kuliko nyumba. Mwenye shamba wa kwanza alihifadhi humo mahindi. Sisi tulitupia humo magunia mabovu na makopo ya rangi. Mimi nilitaka kibomolewe. Mume wangu, ambaye hatupi hata msumari uliopinda, alisema tusubiri.

Kisha mama yangu akapata kidonda mguuni. Ana sukari, na kidonda cha mwenye sukari hakina haraka ya kupona. Kilitakiwa kusafishwa kila baada ya siku moja hospitalini Kitete, naye anaishi kijijini Igunga. Daktari alituambia bila kuzunguka: akizikosa hizo siku, mguu utakatwa.

Mgeni angesema si akae kwa binti yake. Kwetu mama mkwe halali chini ya paa moja na mume wa binti yake. Hawapeani mikono, hawali pamoja, na wakikaribia kukutana njiani mmoja anaingia porini. Nilimbembeleza mama kwa simu mpaka sauti ikanikauka.

"Bora wakate mguu," akasema, "kuliko niaibike uzeeni."

Nilikata simu nikalia kwa hasira. Mume wangu alisikia yote. Kesho yake asubuhi nilimkuta anakigonga kihenge kwa nyundo na tindo.

Nilimcheka, nisiseme uongo. Zege lile lilikuwa gumu, na jioni ya kwanza alikuwa ametoboa tundu la kupitisha sufuria tu. Lakini tundu likawa mlango, mlango ukafuatwa na madirisha mawili. Fukusi waliokuwa wamejificha kwenye nyufa tangu enzi za mahindi walitoka wakatutembelea mpaka mezani. Akaziba nyufa, akapiga chokaa, akaweka dari ya mbao. Kitanda kilipoletwa kiligoma kukaa vizuri, kwa sababu kitanda kimenyooka na ukuta umepinda. Pengo lililobaki nyuma yake akalitengenezea rafu ya mviringo ya kuwekea dawa. Mlango hakuuwekea kizingiti, mguu mbovu usije ukajikwaa. Choo kikawa humo humo, na bomba la kushikilia ukutani. Nilikuwa nasimama mlangoni na chai yake, nikimwangalia mwanamume huyu anavyomhangaikia mtu asiyeruhusiwa hata kumtazama usoni, na nilimpenda upya.

Akakosea kitu kimoja, tena kwa wema. Masika yalikuwa yanakaribia, hakutaka nilowe nikipeleka chakula, kwa hiyo akaunganisha mabati kutoka jikoni kwetu hadi juu ya mlango wa kihenge.

Mama alifika kwa bajaji kutoka stendi, akashuka akiegemea fimbo. Mume wangu alikuwa amejificha nyuma ya zizi, na shati lake la kanisani, kama adabu inavyotaka. Nikamwamkia mama, akaitikia marahaba, kisha akainua macho.

"Haya mabati yanatoka wapi?"

"Jikoni kwetu, mama. Nisilowe."

"Basi hili ni paa moja." Akamgeukia dereva. "Usiondoke, baba. Tunarudi stendi."

Nilijua akipanda ile bajaji, mguu umekwenda. Kabla sijafungua mdomo, nikasikia mabati yanalia. Mume wangu alikuwa juu ya paa na shati lake jeupe, anang'oa misumari kama mtu anayezima moto. Mama akajifunika kitenge usoni haraka, akageukia ua wa minyaa. Dereva wa bajaji alicheka mpaka akashika usukani.

Bati likaanguka, la pili likafuata.

"Anga linaonekana?" mama akauliza, kitenge kikiwa bado usoni.

"Linaonekana, mama."

"Pana?"

"Pana kabisa."

"Haya, shusha begi."

Masika yale nililowa kila jioni, na sikulalamika. Tulikwenda Kitete bila kukosa, na kidonda kikaanza kufunga. Tangu mama aingie, mume wangu hajatia mguu ndani ya kihenge wala hatatia. Chumba kizuri kuliko vyote alivyojenga, mwenyewe hajakiona kikiwa na mtu.

Asubuhi moja nilimkuta amesimama nyuma ya kihenge, jembe mkononi, sikio karibu na ukuta. Nikataka kumtania. Akanyoosha kidole ninyamaze. Zege lile la duara huvumisha kila sauti, na ndani mama alikuwa anatembea, anazunguka chumba taratibu, hatua baada ya hatua.

"Hana fimbo," mume wangu akanong'ona.

Akajifuta uso kwa mkono wenye udongo, akaenda kulima.