Nilipolisamehe Goti Mbele ya Wanawake

Mimi nina kasoro moja ambayo marehemu mamangu aliijua tangu utotoni mwangu: mdomo hutangulia, akili ikafuata nyuma inahema. Mwaka ule wa goti, kasoro hiyo nusura inirudishe Mombasa na mikongojo.

Goti lilivunjwa na mzee mmoja wa Kizanzibari aliyezeekea hapa hapa Dubai. Nilikuwa navuka barabara Deira, taa ya waenda kwa miguu ni ya kijani, mkononi nina mfuko wa ndizi mbichi. Mzee akakata kona bila kutazama. Nilipofumbua macho niko chini, ndizi zimetapakaa, na yeye amepiga magoti kando yangu analia kwa Kiswahili cha kwao Unguja: "Nimeua! Masikini mie, nimeua mtoto wa watu!"

"Hujaua, umevunja!" nikamfokea kwa Kiswahili hicho hicho. "Na ondoka juu ya ndizi zangu!"

Akaniangalia kama mtu aliyeona maiti ikiamka. Kisha akacheka huku machozi yanamtoka, na mimi, wallahi, nikacheka naye mpaka gari la wagonjwa likafika. Polisi hakuwapa kazi. "Kosa langu," aliwaambia kwa Kiarabu, nao wakaandika hivyo hivyo kwenye ripoti.

Kila Ijumaa baada ya sala alinijia hospitali na bakuli la boko boko, ngano iliyopondwa na nyama, alilopika mkewe. Tukabishana: pilau ya Mombasa na ya Unguja, ipi pilau na ipi wali uliopotea njia? Nilimpenda yule mzee, nasema kweli. Aliniahidi kwamba bima ya gari lake italipa, na atanipeleka mwenyewe ofisini kwao nikishaweza kukaa kwenye teksi. Daktari alikuwa ameshaniambia kwamba bila upasuaji wa pili goti halitakunjika tena. Na kazi yangu ni kusafisha vyumba vya hoteli kule Al Garhoud. Asiyeweza kuchuchumaa atasugua bafu na nini? Madam, msimamizi wetu, alinipa miezi mitatu. "Ukiwa hujapona, khalas, unarudi kwenu," alisema, naye hakuwa mtu wa kurudia maneno.

Kabla hatujaenda bima, mzee akafariki usingizini kwa maradhi yake ya moyo.

Nilikwenda kwenye hitima na mikongojo yangu. Wanaume walikuwa chini, sisi wanawake juu, kama arubaini hivi. Dua ilipokwisha, mwanawe mkubwa akashika kipaza sauti, kama ilivyo desturi yetu. "Ndugu zangu, baba yetu ameondoka. Kama yuko anayemdai, aje atudai sisi wanawe. Na kama yuko aliyekosewa naye, tunamwombea baba msamaha." Kwetu watu wa pwani neno hilo si la mchezo. Maiti hulala na deni lake mpaka lilipwe au lisamehewe.

Wanawake wakaitikia kwa sauti ya chini, "Tumemsamehe." Mimi nikamwona mjane wake, bibi mdogo wa umbo, ananitazama goti. Moyo ukanipasuka. Nikainuka kwa mkongojo nikapaza sauti: "Nimemsamehe! Goti na yote! Duniani na akhera!" Chumba kizima kikalia. Nikalia nami, kisha nikala sahani mbili za pilau, maana huzuni haizibi tumbo.

Nyumbani nilimsimulia mwenzangu wa chumbani, Mkamba wa Machakos, mlinzi wa duka, mtu wa kanisa. Akakaa kitandani taratibu.

"Dada, umesamehe goti zima kwa sahani ya pilau?"

"Mbili."

"Aki wewe! Na madam akikufukuza, utamsamehe na yeye?"

Nikacheka, halafu nikaona yeye hacheki. Nikaogopa sasa. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Nimetamka mbele za Mungu kwamba nimemsamehe. Nitakwendaje kesho yake bima na kusema nataka fidia kwa kosa la yule yule? Nikalifungia faili la hospitali chini ya kitanda. Wiki mbili zikapita, goti gumu kama ubao, na mwenzangu kila asubuhi akipiga alama kwenye kalenda ukutani bila kunisemesha.

Mwishowe alikasirika. "Kama unamwogopa marehemu, twende tukaulize wenye marehemu. Yalla, vaa."

Mjane alikuwa edani, hatoki nje. Nilimweleza yote: nimesamehe kwa moyo mweupe, sirudi nyuma, lakini nikienda bima, si nitakuwa namdai marehemu? Akaniangalia kama nimemtukana.

"We mtoto una wazimu? Wiki mbili umekaa na goti bovu?" Akamwita mwanawe kwa sauti iliyotikisa vikombe. "Baba yako kawalipa bima miaka na miaka, na kila mwaka ananung'unika. Hajapata kuwadai hata kioo. Chukua cheti cha kifo, mpeleke mwenzio!"

"Na msamaha wangu, bibi?"

"Msamaha wako umefika, Mungu akulipe. Wewe ulimsamehe mume wangu. Bima ni mume wangu?"

Kule bima mimi, mwenzangu na mwana wa marehemu tulipokewa na karani kijana, tai imembana shingo. Alimuuliza yule mwana kama yeye ni ndugu yangu.

"La. Mimi ni mtoto wa aliyemgonga."

Karani akasema familia nyingi huja kukataa kwamba marehemu wao alikosa.

"Baba yangu ndiye aliyekosa," akajibu, na sauti haikutetereka. "Alisema mwenyewe akiwa hai. Mimi ni nani nimkanushe?" Nilitazama dirishani ili nisilie tena mbele za watu.

Kisha karani akaniuliza kama nimewahi kutia sahihi karatasi yoyote ya kuacha madai. Jibu lilikuwa fupi: sijatia. Lakini ni mdomo huu huu! "Sahihi sijatia," nikasema, "ila nilimsamehe mbele ya wanawake arubaini." Mwenzangu akanipiga teke chini ya meza, kwenye ule mguu mzima, alhamdulillahi.

Karani akaweka kalamu chini. "Hao wanawake wana muhuri?"

"Hawana."

"Basi tuendelee." Akanifafanulia kwamba bima ni ya gari, dereva amekufa, bima haijafa. Mwenzangu akaninong'oneza kwamba hata yeye, mlinzi wa duka, angenieleza hayo bure.

Haikuwa rahisi hivyo, lakini. Walitaka ripoti hii, wakataka barua ile, wakatuzungusha. Tulirudi mara nne, na mara zote nne mwana wa marehemu aliacha duka lake akaja kukaa kando yangu na kurudia yale yale: baba yangu alikosa. Wakakubali kulipia upasuaji na mshahara wa miezi niliyolala. Madam alipoiona barua ya hospitali yenye tarehe, aliniongezea muda, huku amenuna.

Baada ya upasuaji, siku niliyoiacha mikongojo sikuanza na hoteli. Nilikwenda kwa mjane. Alikuwa ameketi mwisho wa ukumbi, akaniamuru kutoka huko huko aliko: "Tembea!" Nikatembea. "Chuchumaa!" Nikachuchumaa nikainuka, nikiguna kama ngamia. Akapiga vigelegele peke yake, akacheka mpaka akakohoa.

Kisha akanishika mkono. "Mume wangu alikuwa halali," akasema. "Tangu siku ile mpaka anakufa. Ananiamsha, ananiambia, mke wangu, nimemharibia mtoto wa watu mguu." Akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Rudi ulikotoka, mwanangu, utembee tena. Ile ya kwanza nimetazama mimi. Hii namtazamia yeye."

Nikarudi mlangoni, nikatembea.