Lori la Mama Mkwe na Mashua ya Kanisa

Mhariri, jina langu ulifiche, na la kanisa letu pia, kwa sababu gazeti hili husomwa kwa sauti pale dukani kwetu. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na sita, nina mke na watoto wanne, nyumbani ni Kalamba. Kazi yangu ni udereva wa lori. Nilifunzwa jeshini wakati wa vita, nikavuta mizinga kwenye matope na milima ya Burma, kwa hiyo mambo ya kuvuta mzigo nayajua. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilikosa nikijua.

Lori ninaloendesha ni la mama mkwe. Baba mkwe alipofariki lilibaki kwa mkewe, naye akaniita niliendeshe. Kuniita ni kusema tu, maana alimtuma mke wangu. Sisi Wakamba tuna nthoni, heshima ya mtu na mama mkwe wake. Hamketi pamoja, hamli pamoja, na mkikaribia kukutana njiani mmoja anakata kona kichakani. Akitaka mahindi yapelekwe Tawa, maneno huja na mke wangu, na jibu langu hurudi kwa njia hiyo hiyo. Miaka mitatu sasa, na kazi inaenda vizuri tu.

Mwaka jana kanisa letu lilinunua mashua. Waumini wengi wako ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kitui, na mvua ikinyesha wanakatika huko wiki nyingi, wenye haraka wanajaribu kuvuka na wengine hawafiki. Mashua ilitoka pwani kwa treni, ikashushwa Makindu, mbao nzito kwelikweli, ikapakiwa juu ya trela. Mchungaji akaniambia, "Wewe ndio unajua magari. Chagua lori ya kuvuta, sisi tutafuata."

Malori yalikuwa mawili. La mama mkwe, dogo, safi, rangi ya kijani bado inang'aa. La pili lilikuwa la mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa Makindu, kuukuu, sura mbaya, lakini zito na breki zake zinashika. Alikuwa analitoa bure. Alinizungusha nilione, kisha akasema, "Bwana dereva, kuvuta si kazi. Kazi ni kusimama. Mzigo ukilishinda gari uzito, mteremkoni mzigo ndio unaoendesha." Nilijua anasema kweli.

Nilipofika nyumbani mke wangu akaniambia, "Mama anasema gari ya baba ndio itavuta mashua ya Mungu. Ameshaambia wamama wa kanisa." Kumtumia mama mkwe maneno kwamba lori la marehemu mumewe halifai, tena mbele ya kanisa, nilishindwa. Nikamwambia mchungaji nimechagua la mama mkwe. Yule mfanyabiashara hakununa, hata akaniazima chuma chake cha kuunganishia trela.

Tulienda salama mpaka mteremko wa mwisho kabla ya mto. Nikakanyaga breki. Lori likasikia, trela ikakataa. Ikatusukuma, nyuma ya lori ikaanza kwenda upande, nikaligonga kwenye ukingo wa udongo ili lisimame. Ndani nilikuwa peke yangu, na sikuumia. Mashua ilipasuka ubavu. Watu walikuwa bado mbali nyuma, wanakuja kwa miguu, nami nikashuka na spana nikalegeza nati za kile chuma. Walipofika nikawaambia, "Ni hii chuma. Imeteleza."

Wakaamini, kwa nini wasiamini? Tangu siku hiyo waumini wetu wakienda Makindu hawanunui kwa yule mzee. Wanasema aliliazima kanisa chuma kibovu kwa makusudi. Nilipita kwake mara moja. Akaniambia taratibu, "Chuma changu nimekitazama. Hakina ila yoyote. Nawe wajua." Nikatoka bila kununua hata kiberiti.

Sasa mashua imetengenezwa. Kamati ya kanisa imenunua chuma kipya, na mwezi ujao, kabla ya mvua, itavutwa tena, na lori ni lile lile. Mimi situlii. Nafungua boneti, nafunga. Nalala chini ya lori naangalia breki, natoka, narudi tena, na breki ni zile zile. Nikikataa kuendesha, ataendesha shemeji yangu, na yeye hajamaliza mwaka na leseni. Kwa mchungaji nimeenda mara mbili, nikafika mlangoni, nikamuuliza habari ya mvua, nikarudi.

Mwishowe nilimwambia mke wangu kila kitu, hata habari ya spana. Aliniangalia sana. "Ulisema ni chuma," akasema. "Saa hii chuma ni mpya, unasema ni gari. Hayo maneno mimi siwezi pelekea mama. Atasema unaharibia gari ya baba jina ndio uichukue." Mwongo hana haki ya kukasirika asipoaminiwa.

Nilifikiri hapo ndipo mwisho wa taabu, kumbe bado. Juzi mke wangu alinieleza kwamba mama naye atasafiri na sisi, akaone lori la mumewe likifikisha mashua mtoni. Mbele kwa dereva hawezi kukaa, niko mimi. Nyuma kutajaa makasia na mizigo ya kanisa. Kwa hiyo yeye na wamama wenzake tisa wameamua watakaa ndani ya mashua yenyewe, juu ya trela, wakiimba mpaka mtoni.

Wenye busara, nishaurini haraka. Nifanye nini? Mtu anamwambiaje mama mkwe wake ashuke, na hajawahi kumwambia hata habari ya asubuhi?