Ukuta wa Magunia

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila ninapopanda ngazi, hata zile ngazi fupi za zahanati. Ni siku babu yako alipofika juu kabisa ya ngazi za nyumba yetu mpya, akatazama ndani mara moja tu, akageuka, akashuka bila kusema neno. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya chumba na birika la chai mkononi, tabasamu limeniganda usoni.

Mwanangu, jana uliponionyesha kwenye simu picha za nyumba unayohamia huko Dar es Salaam, juu ya lile jengo la kale walilolifanya makazi, boriti zimeachwa wazi, madirisha marefu kuliko mlango wa kanisa, wala hakuna ukuta ndani kuanzia mwanzo hadi mwisho, nilicheka mpaka ukadhani nakubeza. Sikukubeza hata kidogo. Nilikuwa najiona mwenyewe nilipokuwa na umri wako, na ndiyo maana nakusimulia haya kabla hujafungasha mizigo.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na kila mtu akaonekana anakwenda mahali. Sabuni za kunukia zilirudi madukani, mitumba ikamwagwa sokoni, na baba yako akawa ananunua dagaa huku ziwani Mbamba Bay, anawapandisha Mbinga, anashuka na mahindi na maharage. Pale karibu na maji kulikuwa na ghala la zamani la ghorofa, kuta zake nene hata ukikaa dirishani miguu haifiki nje. Wazee walisema ni la enzi za Mjerumani. Chini tuliweka biashara. Juu palikuwa tupu, pananuka vumbi la nafaka, na popo walikuwa wenyeji wa pale.

Baba yako aliponipandisha mara ya kwanza akafungua lile dirisha kubwa, nilipiga kelele ya furaha. Ziwa lote lilikuwa chini yetu. Nimezaliwa ufukweni, mwanangu, nimeteka maji ya ziwa lile tangu sijajua kutembea vizuri, lakini sikuwa nimewahi kuliona kutoka juu. Nikamwambia, hapahapa, siendi kwingine.

Tukaanza kazi. Tuliwafukuza popo, tukasugua mbao za sakafu mpaka rangi yake nyekundu ikajitokeza, tukaipaka nta. Tukatia vioo madirishani, na vioo siku zile vilikuwa habari ya mji mzima. Gurudumu la chuma lililokuwa likipandishia magunia kwa kamba, pale kwenye mlango wa juu, hatukuling'oa, tulilipaka mafuta likang'aa. Baba yako alikuwa na gazeti la picha alilopewa na dereva wa lori, lenye nyumba za watu wa mbali huko, na katika picha moja kulikuwa na chumba kimoja kikubwa, sofa huku, meza kule, na kitanda kimeinuliwa kwenye jukwaa kama kiti cha askofu. Fundi aliuliza kuta azipitishe wapi. Tulimjibu kwa pamoja, tukicheka, kwamba hakuna kuta. Akatutazama, akafunga kamba yake ya kupimia, akaenda.

Baba yako akatuinulia kitanda kama kile cha pichani, nami nikakipenda. Nilikitandika shuka la maua nililolipata kwenye mitumba, na mtu yeyote aliyepanda ngazi kitu cha kwanza kukiona kilikuwa hicho.

Sasa uelewe hali yangu ilivyokuwa. Watu wa baba yako ni wa milimani, na walitaka aoe binti wa huko, anayejua kufukia nyasi na kuchimba ngolo, yale mashimo yao ya kushika maji kwenye miteremko. Mimi Mnyasa, waliona ninajua kukaanga samaki na kucheza ngoma tu. Harusi waliihudhuria kwa adabu, basi. Na kwao nyumba haijawa nyumba mpaka wazee wamekula ndani yake. Ukoo hukaa pamoja, kila jiko limetoa chungu chake, na wakati wa kula ndipo hunenwa yote: nani kakosa, nani anaoa, mtoto gani aitwe jina la nani. Wanaita sengu. Wewe ulikuwa tumboni, tumbo limeshaanza kunitangulia, ndipo babu yako akatuma ujumbe kutoka Ukata, kwao huko milimani, kwamba sengu ya Jumapili itakuwa kwangu. Kwangu, mwanangu. Sikulala vizuri kwa furaha. Nilijua akila kwangu, mimi ni wa kwao na wewe ni wa kwao. Asipokula, ningebaki mgeni aliyeolewa.

Walifika na lori baada ya misa, wanawake na vyungu vyao, wanaume na kofia zao mikononi. Babu yako akatangulizwa ngazini kama inavyostahili. Mengine umeshayasikia. Alipogeuka, wote waliokuwa nyuma yake wakageuka pia, na ngazi zikawa na foleni ya watu wanaoshuka na vyungu kichwani.

Nililia. Baba yako alishuka akamkuta mzee ameketi juu ya gunia la maharage, uso kaelekeza mlangoni, na alipoombwa apande akamjibu kwa upole kwamba hapo panamtosha. Aliyepanda kwangu ni dada yake babu yako, Shangazi Eusebia, mwanamke mfupi, mwenye mdomo, aliyekuwa haogopi mtu isipokuwa padri.

"Shikamoo, shangazi," nilisema huku najifuta machozi.

"Marahaba. Unalia nini na chakula kinanukia hivi?"

"Baba hanitaki."

"Angekuwa hakutaki angekaa akala, kisha akakusema njiani. Ameshuka kwa sababu anakuheshimu." Akakionyesha kitanda kwa kidevu. "Huyo mkwe wako ale ugali akitazama shuka lako la maua? Mama, nyumba ni nzuri, mimi mwenyewe naitamani. Ila umeanika kila kitu, hukumwachia mzee pa kuweka macho."

Nikalitazama shuka langu. Hata sisi watu wa ziwani tunajua kwamba mkwe haoni mahali unapolala. Tangu utoto nalijua hilo, lakini hakuna aliyewahi kunifundisha kwa maneno, kwa kuwa nyumba zetu zote, hata za udongo, zilikuwa na ukuta, na ukuta ndio uliokuwa ukitusemea. Tulipouondoa tuliona tumepata nafasi. Hatukujua tumeondoa na heshima yake.

Baba yako alipopanda akasema atamwita fundi wiki ijayo. Shangazi akamuuliza kama na ugali utangoja wiki ijayo. Kisha akachungulia chini, akaita wanawake, akataka magunia matupu na sindano ya kushonea magunia.

Ah, mwanangu, laiti ungaliona. Vyungu vikawekwa kando, wanawake wa milimani wakakaa sakafuni pamoja na mimi, miguu tumeinyoosha, tukashona gunia kwa gunia. Walinitania. Waliuliza kama kule kwetu samaki nao hulala wakionekana na wakwe. Nikawajibu kwamba samaki hawana wakwe wakali, wakacheka mpaka sindano zikaanguka. Vijana wakapanda kwenye boriti wakafunga kamba, na ule mshono wetu ukaning'inia kutoka juu mpaka chini, ukakificha kitanda, jukwaa na shuka lake. Baba yako akapata wazo la kupandisha vyungu kwa lile gurudumu la chuma. Ugali ukapanda, maharage yakapanda, samaki wangu wa kuchoma, mbasa wa ziwani, akapanda akizungukazunguka hewani, na watu bandarini wakasimama kutazama.

Babu yako akaja tena. Safari hii alifika juu, akaona magunia, akapumua. Kisha akaona dirisha. Alilifuata taratibu, akashika kizingiti kwa mikono yote miwili. Mzee yule aliyekuwa hacheki hovyo alianza kuniuliza maswali kama mtoto: ule ni mtumbwi au gogo, ile milima ng'ambo ni ya nani, maji yale meusi kule ni kina au ni kivuli. Nikamjibu yote, maana ziwa lilikuwa langu. Akakaa hapo hapo dirishani, akasema, "Mama, nipe chai."

Aliniita mama. Nikamimina mpaka kikombe kikafurika, chai nyingine ikamwagika kwenye nta yangu.

Ukuta wa mbao tuliujenga baadaye, ulipokwisha kuzaliwa. Usiku ule ulipoamua kuzaliwa, mvua ilikuwa imekata barabara na babu yako alikuwa mgeni wetu. Bila magunia yale angelazimika kwenda kukaa kwa majirani. Alikaa dirishani hatua chache kutoka kwangu, na kila nilipolia nilimsikia akisali kwa sauti upande wa pili. Ulipotoa kilio cha kwanza, ni yeye aliyelitaja jina lako, kupitia kwenye gunia, kabla hata hajakuona.

Basi nenda, mwanangu, na wala usione haya kuifurahia nyumba nzuri. Mimi niliifurahia yangu na ningeifurahia tena. Yaache madirisha yawe marefu, boriti zionekane, rafiki zako wapige picha. Ila kabla hujaweka kitanda, simama pale ngazi zinapoishia, ufikirie kila unayempenda atakayepanda, na baba mkwe wako wa kesho akiwemo, ujue kila mmoja atatazama wapi. Anayekuheshimu hatakuambia. Atashuka tu, nawe utabaki na birika lako. Sindano ile aliyoshonea magunia Shangazi Eusebia nimeichomeka kwenye upindo wa kanga niliyokupa, uangalie isikuchome.

Mungu akubariki katika nyumba hiyo. Ngazi zako zisikose watu, na watakaopanda wapate pa kuweka macho, waketi, waombe chai.