Kiti cha Dirishani

Katika viti vyetu vya treni ya kutoka Nairobi tulikuwa watatu: mwalimu wa kutoka bara anayefundisha Kilifi, mwanamke wa makamo mwenyeji wa Ganze, na mimi, mzee nikirudi kwetu Malindi.

Baada ya kupita Voi treni ilisimama, ikakaa. Ilipojivuta ghafla na kusimama tena, chai ya mwalimu ilimmwagikia suruali.

"Chai imefika," akasema. "Sisi bado."

Mwanamke hakucheka. Mamake alikuwa mgonjwa sana, naye alitaka kumwahi. Akampigia simu kaka yake kumweleza tumekwama. Kaka akamuuliza ameketi na nani, kisha akaomba kuzungumza na mzee. Nikasikiliza, nikasema, "Nimeelewa, mwanangu," nikairudisha simu.

"Amesemaje, baba?"

"Atakupokea Miritini, stesheni ya mwisho. Ameniomba tushuke pamoja."

"Huyo ananiona mtoto," akasema, akatabasamu mara ya kwanza.

Moyo ukamtulia, akaanza kupanga safari. Desemba atampandisha mamake treni, maana hajaipanda maishani.

"Nitamkalisha dirishani. Lakini ataniuliza jina la kila stesheni."

Nikamtajia: Mariakani, Miasenyi, Voi. Akayarudia polepole, akihesabu kwa vidole.

Sisi wa pwani hatumpi msafiri habari ya msiba njiani. Tunamtafutia mtu wa kukaa naye. Ni desturi ya huruma, ingawa huyo wa kukaa naye haulizwi kama ataweza.

Mamake alikuwa amefariki asubuhi ile, kabla hatujaondoka Nairobi.