Matumbo ya Siku ya Tano

Kila asubuhi, kabla hajasalimia mtu, Pétronille alikuwa anachota kipande cha utumbo kwenye sufuria, anakipuliza, anakitafuna polepole. Kikiwa kigumu, aliongeza kuni. Kikilainika, alipanga sahani zake kwenye soko dogo la Saio na kuuza matumbo ya ng'ombe na bugali.

Mume wake, Eugène, hakuwa naye. Walipokimbia vita kule Bule waliacha nyuma mama mkwe, maana miguu yake ilikataa safari. Kwaresima ilipokaribia, Eugène alirudi kumbeba. Siku ile Pétronille alipiga magoti, akamwambia Mungu: siku ya tano zote za Kwaresima, kila Ijumaa, nyama haitagusa ulimi wangu, na wewe umlinde.

Kila siku ya tano Eugène alipiga simu. "Niko muzima, bibi. Mama anapata nguvu kidogo." Hapo roho ya Pétronille ilitulia, mpaka bati lianguke mahali, ashtuke tena.

Juma la tano siku hiyo ilifika, simu ikanyamaza. Mchana akapita Jean-Claude, katekista, anasukuma baiskeli. Pétronille akamkaribisha sahani.

"Mama, leo? Siku ya tano?"

"Hii haiko nyama, mwalimu. Iko matumbo."

Jirani yake mezani, Véronique, muuza mawese kutoka Butembo, alicheka akashika mbavu. "Basi ile ng'ombe ilikuwa na matumbo ya muhogo!"

Pétronille hakucheka. Kwa baba yake, ng'ombe akichinjwa, nyama ilikuwa ya wanaume. Vya ndani vilipelekwa jikoni kwa wanawake. Mwanamke aliyekula vya ndani alihesabiwa hajala nyama. Ndivyo alivyokua.

"Maini, figo, moyo, matumbo, yote ni nyama," Jean-Claude alisema kwa upole. "Samaki njo Kanisa inaruhusu. Lakini haukujua, mama. Zambi haiko. Anza tena leo."

Zambi hakuiogopa. Majuma matano alidhani anamjengea Eugène ukuta, kumbe alikuwa anautoboa kwa meno yake mwenyewe.

Akapiga simu. Sauti ya mtandao ikasema kwa Kifaransa kwamba namba haipatikani. Akapiga tena. Tena.

Saa tisa wakaanza kuingia watu wa Bule, magodoro kichwani. Akawauliza mmoja mmoja.

"Tulikimbia kila mutu na njia yake," mzee mmoja alijibu bila kumtazama. "Mwenye kubeba mama yake, hatukumuona."

Pétronille akakaza kitenge chake. "Yaya Véronique, dada yangu, angalia moto."

"Unaenda wapi?"

"Bule."

"Weye iko na akili? Watu wanatoka, weye unaingia? Pengine telefone yake imekufa tu! Ngoja hata kesho."

"Nilimuahidi Mungu, yaya, na miye njo nilivunja. Nikingoja, Eugène atakufa sababu ya mudomo yangu."

Véronique alimkamata kitenge. Pétronille akamfungua vidole kimoja kimoja, bila hasira. Kisha akaingia barabarani, uso kwa uso na wale wenye magodoro, akipita kandokando, akijikunyata kila pikipiki ilipomjia nyuma.

Véronique alimwita mara mbili. Hakugeuka. Hakurudi jioni ile, wala kesho yake, siku ya posho, wala Pasaka ilipofika.